Matibabu ya mbwa kwa shelta moja ya upande wa Ngong, venye nimeyaona

Jina la shelta siweki. Wenyewe waliniomba hivyo na nawaelewa kabisa, juu jina likishatoka watu wanajua geti iko wapi, usiku mtu anashusha katoni ya watoto wa mbwa hapo nje na kujiendea zake. Lakini huduma yenyewe lazima niiongelee, tena kwa urefu, maana watu wengi hapa Nairobi bado wanaamini mbwa wa shelta ni mgonjwa unasukumiwa ukajibebee shida. Mimi nimetoa mbwa pale na nasema ni kinyume. Mbwa niliyechukua amepimwa na kutibiwa kuliko wengi ninaowajua wanaolala kwa sofa Kilimani.

Anaitwa Simsim, jike, kahawia, aliokotwa karibu na soko huku Rongai. Siku tuliyompenda tulikuwa tayari na kamba na blanketi kwa gari, daktari akafungua faili akasema, "Mama, huyu hatoki leo, hajamaliza dawa." Sikufurahi wakati huo lakini sasa hiyo ndiyo sababu nawapa nyota zote kwa upande wa matibabu. Shelta imejaa, kila banda lina mbwa, chakula ni cha kuombaomba, na bado wanakataa kukupa mbwa ambaye hajapona. Hapo ndipo unajua daktari anafanyia kazi nani.

Sasa hiyo faili. Simsim alipookotwa damu ilikuwa inamtoka puani, na mtu yeyote angesema amegongwa na boda. Daktari alianza na mdomo, akaangalia ufizi, ulikuwa umefifia karibu mweupe, akatoa damu ipimwe, na ikawa ni ugonjwa wa kupe, ule unaitwa erlikia. Kijidudu chake kinaingia kwa seli nyeupe za damu halafu zile chembe za kugandisha damu zinashuka hadi mbwa anavuja bila kidonda. Dawa ni doksisiklini, inapatikana, si ya kutisha bei, shida ni kwamba inaenda kama siku 28 mfululizo na lazima ipewe na chakula la sivyo anatapika, sasa niambie ni nani mtaani humaliza dozi ya mwezi mzima ya mbwa, wiki ya kwanza akianza tu kurukaruka watu washasema amepona na dawa inabaki juu ya kabati. Pale kila tembe imewekewa tiki na jina la aliyempa. Na walinieleza kitu sikuwa najua, kwamba kupe wa kahawia hangoji nyasi, anaishi hata ndani ya nyumba, anapanda ukuta na kutaga kwenye nyufa, ndio maana mabanda yao yamepigwa plasta laini na yananyunyiziwa dawa pamoja na mbwa. Ukiogesha mbwa peke yake na ukuta umeuacha, umefanya kazi bure.

La pili ndilo lilinishika roho. Alikuwa na uvimbe sehemu za siri, ule wanaambukizana wakipandana. Ni kansa, lakini ya aina yake, seli zenyewe za uvimbe ndizo zinahama kutoka mbwa huyu hadi yule, na mbwa wa kuzurura wanaupata sana. Mtu asiyejua akiona ile damu na ile harufu atakwambia mlaze tu huyo, anateseka. Na hii ni moja ya kansa zinazopona kabisa! Vinkristini kwa mshipa mara moja kwa wiki, wengi wanapona kwa sindano nne hadi sita hivi. Nilikuwepo akidungwa ya mwisho. Hiyo dawa ikimwagikia nje ya mshipa inachoma nyama vibaya, kwa hivyo hakuna haraka pale, mmoja ameshika kichwa anamwongelesha, mwingine ameshika mguu, daktari na glavu zake, anapitisha kwanza maji ya chumvi kuhakikisha sindano imekaa, ndio dawa ifuate polepole. Na kabla ya kila sindano damu inaangaliwa tena juu dawa yenyewe inashusha seli nyeupe. Nimewahi kukaa kliniki za pesa nyingi sana hapa mjini na sijaona utulivu wa namna hiyo.

Kufunga kizazi walingoja hadi uvimbe uishe na damu ipande. Mshono ulikuwa mdogo, safi, na alipewa dawa za maumivu za siku zilizofuata, si antibayotiki peke yake halafu jikaze. Hilo la maumivu naliwekea mkazo, kuna watu bado wanafikiri mbwa akinyamaza hasikii uchungu.

Watoto wa mbwa hawakuturuhusu kushika, na kulikuwa na familia imekuja na watoto wao wakaudhika kweli. Lakini mbwa wote wapya wanatengwa kwanza kwa sababu ya pavo, ule ugonjwa wa kuhara damu, na pavo si mchezo, kirusi kinakaa kwa udongo miezi na miezi, hata mwaka, kinabebwa na kiatu chako, na sanitaiza ya mkononi haikiui, inataka Jik. Jirani yangu alinunua mtoto wa mbwa kando ya barabara, amenawiri, na karatasi ya chanjo juu, ndani ya wiki anahara damu, akafa kwa dripu na bili ikabaki. Hiyo karatasi haikuwa hata na stika ya chupa ya chanjo wala muhuri wa daktari. Tafadhali muulize anayekuuzia mbwa nani alichanja, na huyo daktari awe amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, ni haki yako kuuliza.

Yenye hayajanipendeza nayo niseme. Daktari haji kila siku, ana siku zake, na usiku hakuna mtu wa kutibu, kwa hivyo kukiwa na dharura wanahangaika kutafuta gari. Eksirei hawana, mbwa aliyevunjika anapelekwa kwingine. Simu unaweza kupiga hadi ukate tamaa, afadhali utume meseji. Na mwandiko wa kadi ya chanjo! Daktari wa huku kwetu alishindwa kusoma tarehe ya kichaa cha mbwa na ikabidi turudi waandike upya, na hiyo ndiyo tarehe huwezi kubahatisha. Karibu asilimia 99 ya watu wanaokufa kwa kichaa wameambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna dawa, serikali imejiwekea 2030 iwe mwisho wa hivyo vifo na sioni tutafikaje kama kadi hazisomeki. Kitu kizuri ni kwamba mhudumu wa mabanda anamfundisha kila anayechukua mbwa, ukiumwa osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo, si kupaka pilipili wala mafuta ya taa.

Pesa: kuna ada ya kuchukua mbwa, na nilipojumlisha kichwani kipimo cha damu, dawa, sindano, upasuaji na chanjo, ada haikaribii hata nusu ya kile ningelipa kliniki. Hao watu wanafidia kwa michango. Wenye hamwezi kufuga, kununua doksisiklini ama gunia la chakula ni kazi kubwa mmefanya, lakini waulize kwanza kinachohitajika, watu hupeleka mkate na maziwa na mbwa wanaharisha.

Ukitaka kuanzia mahali panapojulikana bila kuzungushwa, KSPCA, shirika la kulinda wanyama, iko Langata Road na shirika lenyewe liko tangu 1910. Ukitaka hii yangu, niandikie pembeni niwaulize kama wanakubali, na ukienda, nenda asubuhi katikati ya wiki daktari akiwepo, Jumamosi watu ni wengi na hutapata nafasi ya kusomewa faili. Uliza hiyo faili ukurasa kwa ukurasa hadi uelewe, hawachoki kueleza.