Nane Nane Mbeya, viwanja vya John Mwakangale: anzeni na vipando

Mi nimezaliwa Mbeya ila sasa hivi naishi Iringa, na Agosti ikifika lazima nipande basi nirudi kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane. Mwaka huu nimeenda mara mbili, tarehe 3 na tarehe 8 yenyewe, kwa hiyo niwaambie nilichoona kabla hamjapanga safari ya mwakani.

Kufika ni rahisi, panda daladala ya Uyole mwambie konda Nanenane, anakushusha. Ila vaa sweta, Agosti ya Mbeya asubuhi inauma kwelikweli halafu saa sita jua na vumbi.

Watu wengi wakiingia getini wanakimbilia mabanda yenye muziki na vipeperushi. Jamani, anzeni na vipando! Hapo ndo mazao yamepandwa kabisa ardhini, unayaona na aliyeyalima kasimama pembeni. Kwenye maharage kuna dada mtaalamu aling'oa shina moja akakung'uta udongo, mizizi ina vinundu vidogo kama punje za ulezi, akapasua kimoja kwa ukucha ndani chekundu, akasema hicho kinafanya kazi, kinakamata naitrojeni ya hewani, yaani chakula cha mmea, ukikuta cheupe ujue bado. Mama yangu analima maharage miaka yote na siku zote alikuwa anadhani vile vinundu ni ugonjwa! Hilo tu kwangu limelipa nauli.

Afu kingine, waambieni watoto hivi viwanja vimebeba jina la nani. Mzee Mwakangale alikuwa mbunge wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, na ndo alikuwa mwenyeji wa Nelson Mandela alipopita Mbeya mwaka 1962. Na siku ya wakulima zamani ilikuwa Saba Saba, siku TANU ilipozaliwa mwaka 1954, baadae ndo ikahamia Agosti, Saba Saba ikabaki ya biashara. Wanakuja wakulima wa Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe, Rukwa, Katavi na Ruvuma, ila mwaka 2022 na 2023 kilele cha taifa zima kilifanyika hapa hapa, na ruzuku ya mbolea Rais Samia aliizindulia hapa tarehe 8/8/2022. Sisi tunaopanda mahindi tunajua maana yake, mfuko wa mbolea mwaka ule ulikuwa haushikiki.

Kilichoniudhi ni chakula. Kuna banda moja la msosi nimeagiza ndizi nyama nimekaa karibu saa nzima, imekuja ya baridi na bei wamebadilisha wakati wa kulipa. Ulizeni bei kabla hamjakaa. Na tarehe 8 kama huna shida na hotuba usiende, watu wanabanana hata kipando hukioni, wataalamu nao wanakuwa na wageni rasmi hawana muda na wewe. Tarehe 3 nilikaa na yule dada karibu nusu saa nauliza maswali.

Nimeondoka na miche minne ya parachichi, Hass. Kijana aliyeniuzia hakunificha, kasema broo usipande sasa hivi jua litaiua, weka kivulini umwagilie mpaka mvua za Novemba. Iko nyuma ya nyumba chini ya mwembe, jana imetoa majani mapya.