Nimetafuta ukoo wangu kwa simu, hivi ndivyo ilivyoenda

Mwezi wa nne nikiwa kwa nyumba hapa Free Area, Nakuru, mvua haiachi, nikapatana na tangazo la wavuti fulani ya kutafuta ukoo (jina nitaliacha tu), ati wiki mbili ni bure. Nikaweka kadi. Nikaandika Wekesa, Bungoma, nikabonyeza, ikaniletea mzungu mmoja wa Ohio. Sasa shida ni hii, ile mashine inataka jina la ukoo linaloshuka kutoka kwa baba hadi mtoto, na sisi Wabukusu Wekesa ni mtu aliyezaliwa wakati wa mavuno, Wafula ni wa mvua, Wanjala ni wa njaa, sasa nikitafuta Wafula si nitapata nusu ya kaunti na hakuna hata mmoja wetu? Wiki mbili zikaisha nikiwa nimesahau, wakakata pesa, tena kwa dola. Nyota moja, na hiyo moja ni huruma.

Binamu yangu akaniambia jaribu FamilySearch, ni ya kanisa la Wamormoni lakini si lazima uwe wao, na ni bure kabisa. Nayo haikuwa na watu wetu, hilo nisiwadanganye, ila inakuruhusu ujaze mwenyewe, mke wa pili na wa tatu unaongeza bila shida, tarehe unaweza kuweka ya kukadiria, na unaweza kuweka sauti ya mtu akiongea. Basi nikapanda matatu mpaka Webuye kwa kukhu, yaani nyanya yangu.

Hapo ndipo kazi ilianza. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari, kama wazee wote hahaha. Lakini muulize kwa njia yake. Baba ya kuka (babu yangu) alizaliwa lini? "Wakati wa vita vya Chetambe alikuwa tayari anachunga ndama." Chetambe, vile vita vya Wabukusu na Waingereza, ni 1895, kwa hivyo nikaweka 1888 hivi. Na kuka mwenyewe nilikuwa nimeandika alitahiriwa 1951, nikamsomea, akaacha kunde alizokuwa anachambua akanitazama kama mjinga. "Hamsini na moja? Mtoto wa nani huyo? Sisi tunatahiri hamsini, tunapumzika, tunatahiri hamsini na mbili." Ikabidi nifute. Ilikuwa 1950, mwaka mmoja na kaka yake, mama zao tofauti, na huyo kaka mimi sikuwa nimewahi kusikia hata jina lake.

Saa mbili tu nilitoka na watu 41, vizazi vitano.

Nyota nne. Walio hai hawawezi kuonwa na wengine, hiyo nimeipenda, lakini kwa marehemu ule mti ni wa watu wote, yeyote anaweza kuja kubadilisha, kwa hivyo andika kila kitu umekitoa wapi. Mimi nimeandika: kukhu, Webuye, jikoni, akichambua kunde.