Uzoefu wangu wa kubadilisha mfumo wa farumi ya maji katika boti ya weikibodi

Boti ninayoizungumzia ni ya mchezo wa weikibodi, yaani kusimama juu ya ubao ukivutwa na boti kwa kamba; ni ya futi 21, ya mwaka 2008, injini yake imekaa nyuma kabisa chini ya godoro la kuotea jua, na tunaitumia katika Ziwa Minnetonka, magharibi ya jiji la Minneapolis, jimboni Minnesota, Marekani. Ilitoka kiwandani ikiwa na matangi matatu magumu ya farumi, yaani maji yanayobebwa ili kuipa boti uzito, mawili katika pembe za tezi (sehemu ya nyuma) na moja katikati chini ya sakafu, ambayo yakijaa yalibeba takribani kilo 450 za maji. Kwa wakati ule uzito huo ulionekana wa kutosha. Kwa familia yenye vijana wanaotaka kuruka kutoka ukingo mmoja wa wimbi hadi mwingine hautoshi, kwa kuwa boti ya aina hii hupata wimbi lake kwa kuzama: kadiri tumbo lake linavyokaa chini majini, ndivyo maji mengi zaidi yanavyosukumwa pembeni na kurudi kukutana nyuma yake. Niliamua kuubadilisha mfumo wote, sehemu nikifanya mwenyewe na sehemu nikiwaachia mafundi wa karakana, na baada ya kuutumia ninaweza kusema kwamba nimeridhika sana. Wauzaji wa vifaa hivi husifu kilo. Mimi ninasifu zaidi jinsi maji yanavyotoka.

Mfumo wa zamani ulitumia pampu ndogo za kuzungusha maji, za jamii moja na zile zinazotoa maji ya ngama, yaani yanayokusanyika chini kabisa ndani ya boti, mbili kwa kila tangi: moja ya kuingiza na nyingine ya kutoa. Pampu hizo ni nafuu, hazina kelele, na kwa maandishi ni za haraka. Ile iliyoandikwa galoni 800 kwa saa inasukuma lita 3,000 hivi kwa saa, ikiwa hakuna mpira mrefu wala kimo cha kupandisha maji. Udhaifu wake ni kwamba haiwezi kuvuta hewa. Kiputo kikikwama mdomoni mwake, inazunguka bure huku aliyeshika usukani akiamini kwamba tangi linajaa. Na wakati wa kutoa, maji yakishuka hadi usawa wa mdomo huo inameza hewa na kuacha kazi, ikibakiza maji kwenye sakafu ya tangi. Isitoshe, pampu ya namna hiyo ikizimwa haizuii kitu. Maji hupita ndani yake kana kwamba ni mlango ulioachwa wazi, kwa hiyo tangi huweza kupungua lenyewe boti ikiwa mwendoni, au kujazwa na msukumo wa maji ya chini wakati ambapo hakuna anayelitaka lijae.

Pampu nilizoweka badala yake ni nne, zote za impela ya mpira, zinazoweza kuzunguka pande zote mbili. Jabsco na Johnson Pump ndiyo majina yanayojulikana zaidi katika soko hili. Ndani ya pampu mna gurudumu la mpira lenye mabawa yanayopinda. Mabawa hayo hubanwa upande mmoja wa chemba na kufunguka upande wa pili, na kwa kufanya hivyo huvuta chochote kilichopo, kiwe maji au hewa. Ukigeuza chanya na hasi kwenye mota, impela inazunguka kinyume na mpira uleule ulioingiza maji unayatoa. Kila tangi, au mfuko laini wa maji kama ile niliyoweka badala ya matangi ya tezi, basi unahitaji pampu moja na njia moja badala ya mbili. Pampu ikizimwa, mabawa yanabaki yamebana chemba, na maji hayapiti kirahisi. Asizinunue mtu kwa kutafuta kasi, maana nyingi husukuma kati ya lita 30 na 45 kwa dakika, yaani mfuko wa kilo 340 huchukua dakika nane hadi kumi na moja hivi kujaa, na kwa maandishi hilo halizishindi zile za zamani. Tofauti ni kwamba dakika hizo hazibadiliki leo na kesho, na sihitaji kurudi nyuma kufungua kifuniko ili kuangalia kama kweli maji yanaingia.

Matangi mawili magumu ya tezi tuliyatoa, na mahali pake tukaweka mifuko miwili ya vinili nzito, kila mmoja wa kilo 340. Tangi la katikati lilibaki, na mfuko mdogo wa kilo 180 ukaingia chini ya viti vya omo, yaani sehemu ya mbele. Mfuko una faida ambayo tangi gumu halina: ukiwa mtupu unalala bapa, na sanduku la nyuma linarudi kuwa mahali pa kuweka jaketi za kuokolea maisha na kamba. Kabla ya kuuweka, kila msumari, kila ukingo mkali wa faibaglasi na kila ncha ya waya iliyomo ndani ya sanduku lazima ifunikwe au isuguliwe, kwa sababu mfuko uliojaa husogea kidogo kila boti inapopiga kona, na msuguano mdogo wa kila siku ndio unaotoboa vinili.

Kuhusu mabomba, ningependa msomaji akae hapa kidogo, kwa sababu ndipo mfumo unapofaulu au kushindwa. Pendekezo la kwanza nililopewa lilikuwa tundu moja tu chini ya boti, likilisha pampu zote nne kwa pamoja kupitia bomba lenye matawi. Nililikataa. Pampu nne zikivuta kwa wakati mmoja kutoka tundu moja dogo hunyang'anyana maji, na iliyo mbali zaidi, ambayo kwa kawaida ni ya omo, hubaki ikikauka. Tulitoboa matundu mawili, kila moja likilisha pampu mbili, kila moja likiwa na kipande cha shaba nyeusi kinachopita tumboni mwa boti na vali yenye tufe la chuma ndani, inayofungwa kwa mkono, na vyote vikazibwa kwa gundi ya baharini. Vali hizo si za mapambo. Bomba likichomoka ndani ya boti iliyo majini, vali ndiyo pekee inayosimama kati yako na ziwa, na kwa hiyo nilisisitiza ziwekwe mahali ambapo mkono unafika bila kuondoa mzigo wowote.

Kila mfuko pia una mpira wa kupumulia, unaopanda hadi karibu na ukingo wa boti na kutokea ubavuni. Mwanzoni hutoa hewa. Mfuko ukijaa hutoa maji, na mchirizi huo ubavuni ndio ishara ya kuzima swichi. Kwenye mpira huo kuna vali ndogo inayoruhusu kitu kutoka na kukizuia kuingia. Bila vali hiyo, pampu inapotoa maji hewa ingeingia juu ya mfuko, na pampu ingeanza kuvuta hewa kabla maji hayajaisha. Ikiwepo, mfuko unajikunja na kunywea hadi chini, na maji yanafuatwa hadi tone la karibu na mwisho. Njia ya kupumulia isizibe kamwe, kwa kuwa pampu ya impela ina nguvu ya kutosha kuendelea kusukuma hadi mshono wa mfuko upasuke.

Upande wa umeme nilimwachia fundi, na sijuti kulipia kazi hiyo. Mota hizi huvuta mkondo mkubwa kuliko pampu za zamani, hivyo waya za zamani hazikufaa kabisa. Kila pampu ilipata waya wake mnene, wa shaba iliyopakwa bati isiliwe na unyevu, pamoja na fyuzi yake. Pampu ya omo, iliyo mbali na betri, ilipewa waya mnene zaidi ili volti zisipotee njiani. Swichi ni za nafasi tatu: juu kuingiza, katikati kuzima, chini kutoa. Injini iwe inawaka wakati wa kujaza, la sivyo betri itachoka mapema.

Sasa wimbi lenyewe. Kwa kasi ya kilomita 35 kwa saa, kamba ikiwa na urefu wa mita 20 na zaidi kidogo, wimbi la zamani lilikuwa fupi na lenye ncha laini iliyovunjika mguu ulipoikanyaga. Tulipojaza mifuko ya nyuma peke yake, lilipanda na kusimama wima, lakini juu yake palikuwa na povu na lilimrusha mpandaji juu kuliko mbele. Kilichobadilisha hali ni ule mfuko mdogo wa omo. Kilo 180 za mbele zilirefusha mteremko wa wimbi, zikaimarisha ncha yake, na boti ikaacha kuinua pua kila ilipoanza kuondoka. Mdogo wangu, ambaye ndiye nahodha wetu wa kawaida, anasema sasa anamwona mpandaji na ziwa lililo mbele kwa pamoja. Kama mtu ana fedha za mfuko mmoja tu, aanze na wa omo. Achunge lakini jambo moja: boti yenye omo nzito haipaswi kupunguzwa mwendo ghafla wala kuingizwa katika wimbi lake yenyewe kwa pua, maana maji huweza kupanda juu ya omo na kuingia ndani kwa wingi.

Uzito huu una gharama zake. Kibao cha uwezo kilichobandikwa karibu na usukani hutaja uzito wa juu wa watu na mizigo, na kilo moja ya maji ni kilo moja kama ya mtu. Siku tukiwa wengi mifuko ya nyuma hujazwa nusu au haijazwi. Injini nayo ililalamika: ilichukua muda mrefu kuinyanyua boti ikiwa imejaa, hadi tulipobadilisha rafadha, lile panga la kusukuma boti, na kuweka yenye hatua fupi zaidi (inayosogea umbali mfupi kwa kila mzunguko), ambayo huipa boti nguvu ya kuondoka na kuipunguzia kasi ya juu kabisa, kasi ambayo mchezo huu hauihitaji. Mafuta yanaisha mapema zaidi. Tena mawimbi makubwa hayaishii kwa mpandaji, bali husafiri hadi kwenye gati na kingo za watu wengine. Ripoti ya Maabara ya St. Anthony Falls ya Chuo Kikuu cha Minnesota, iliyotolewa mwaka 2022, ilipendekeza kwamba boti zinazotengeneza mawimbi ya watu kutelezea zikae zaidi ya futi 500, karibu mita 150, kutoka ufukweni. Sisi tunakaa katikati ya ziwa tukiwa na farumi, na ninaona huo ni wajibu wa kila anayeongeza kilo.

Nirudi kwenye kutoa maji. Ziwa Minnetonka limekuwa na kome wa pundamilia, kome wadogo wanaovamia maziwa, tangu 2010, na mabuu yao hayaonekani kwa macho. Wanaweza kusafiri ndani ya maji machache yaliyobaki kwenye tangi na kufikishwa kwenye ziwa ambalo bado ni safi. Sheria ya Minnesota inamtaka mwenye boti amwage maji yote, ya farumi yakiwemo, kabla ya kuondoka kwenye eneo la kupakia, na asafiri vizibo vikiwa vimetolewa. Kwa pampu za zamani nilimwaga yaliyokubali kutoka, na mengine yalilala chini ya tangi hadi safari inayofuata. Kwa mfumo mpya mifuko inakunjwa na pampu hadi inanywea, kisha ninainua pembe ya kila mfuko kwa mkono huku pampu ikiendelea kwa sekunde chache, na yale yanayobaki kwenye mpira hutoka kupitia vali za chini boti ikiwa juu ya trela. Tangi la katikati halinywei, hivyo bado hubakiza maji kidogo, na kabla ya kwenda ziwa jingine ninalipeleka kusafishwa kwa maji ya moto. Idara ya Maliasili ya Minnesota inashauri nyuzijoto 120 za Fahrenheit, karibu 49 za Selsiasi, kwa dakika mbili au zaidi, au kukausha chombo kwa siku tano au zaidi. Kama ningeanza upya ningelitoa na tangi hilo pia.

Kasoro ninazoziona ni hizi. Pampu hizi zina kelele, kiasi kwamba mazungumzo hukoma zikiwaka zote nne. Hazijizimi zenyewe, na impela ikizunguka kavu kwa muda huungua na mabawa yake kukatika. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kusikiliza mlio unavyobadilika maji yanapoisha. Klipu za kubania mipira zilizokuja na vifaa zilianza kushika kutu mapema, nami nikazibadilisha zote kwa za chuma kisichoshika kutu, mbili kwa kila kiungo kilicho chini ya usawa wa maji. Hakuna kipimo cha kuonyesha mfuko umejaa kiasi gani, isipokuwa ule mchirizi wa ubavuni, na kwa kujaza nusu ninategemea saa. Gharama ya vifaa, kazi ya fundi na rafadha kwa pamoja ilizidi dola 2,000, ambazo kwa boti ya umri huu si fedha ndogo.

Baridi ya hapa inadai kazi ya ziada kila vuli, kwani maji yaliyosahaulika ndani ya pampu huganda na kupasua chemba yake. Ninafungua kifuniko cha kila pampu, ninatoa impela na kukagua mabawa, ninapitisha kizuia barafu cha waridi, kile cha propilini glaikoli, katika kila mpira, na mifuko ninaitoa, kuikausha na kuihifadhi ndani ya nyumba. Impela hazirudi kwenye pampu hadi masika, na seti moja ya akiba hukaa botini majira yote ya kiangazi pamoja na bisibisi ya kuzibadilishia.