Pumzi isiyokatika: Evan Parker na CD ya Toward the Margins

CD hii nimeipata Rajabu iliyopita. Mpwa wangu aliileta kutoka London kwenye begi lake la nguo. Aliyemuuzia alimwambia ni kama mpya, kumbe kasha limepasuka na kijitabu kimeingia maji, kurasa zimegandana. Diski yenyewe ilikuwa salama, nikashukuru.

Mimi napuliza saksafoni ya tenori kwenye bendi ya dansi hapa Dar, mwaka wa 19 sasa. Lakini pumzi nilifunzwa Wete, Pemba, na ami yangu aliyekuwa akipuliza zumari kwenye maharusi. Alinipa bilauri ya maji na bua la jani la mpapai, akaniambia nipulize mapovu yasikatike hata ninapovuta hewa. Siri iko mashavuni: unayajaza, unayaminya taratibu, na papo hapo pua inavuta hewa nyingine. Ilinichukua miezi mitatu. Nilipoweza, nikadhani nimemaliza.

Kisha nikamsikia Evan Parker. Amezaliwa Bristol mwaka 1944, akaenda Chuo Kikuu cha Birmingham kusoma elimu ya mimea, akaiacha kwa ajili ya saksafoni. Mwaka 1970 yeye, mpiga gitaa Derek Bailey na mpiga ngoma Tony Oxley walianzisha lebo yao wenyewe ya kutolea rekodi, Incus. Akishika soprano, ile saksafoni iliyonyooka kama zumari, pumzi haikomi, na juu ya pumzi hiyo vidole na ulimi vinapishana kwa kasi hadi sauti moja inapasuka zikawa mbili, tatu. Fumba macho, utaapa wako watatu. Kwenye albamu yake Monoceros ya 1978 yuko peke yake, na muziki ulichongwa moja kwa moja kwenye sahani bila kupitia utepe, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kukata na kuunga.

Sasa mtu ambaye peke yake ni watatu, mitambo ya umeme anaitakia nini? Hilo ndilo swali nililoingia nalo kwenye Toward the Margins, iliyorekodiwa 1996 na kutolewa na lebo ya Kijerumani ECM mwaka 1997. Wako sita: Parker na soprano, Barry Guy na besi kubwa la kusimama, Paul Lytton na vyombo vya kugonga, Philipp Wachsmann na fidla, halafu Walter Prati na Marco Vecchi ambao chombo chao ni mitambo tu. Sauti inapita kwenye maikrofoni, mtambo unaigeuza na kuirudisha mwenyewe akiwa bado anapuliza. Wala si kuweka mwangwi ili muziki upendeze, kama tunavyofanya sisi na kinanda. Kinachorudi kimebadilika sura, na Parker inambidi akijibu pale pale. Mara ya nne kusikiliza ndipo nilipoelewa kwamba anazungumza na pumzi yake iliyomtoka punde tu, na haikubaliani naye.

Kipande nilichokirudia zaidi ni The Hundred Books, alichomtunukia Idries Shah, mwandishi wa mambo ya Usufi. Mimi niliyekulia kwenye zikri, ambako pumzi ya kifuani yenyewe ndiyo ngoma, sikuhitaji kufafanuliwa.

Haikunipendeza yote. Soprano hupotea kwa muda mrefu, na anayenunua kwa ajili ya saksafoni atangoja sana. Zipo dakika ambazo fidla na mitambo vimechanganyika hata nikachoka kutafuta kipi ni kipi. Lytton ndiye aliyenirudisha kila nilipotaka kuzima: vigongo vyake vidogo vidogo, kama mtu anayepanga vyombo jikoni usiku wengine wamelala.

Nilimpigia ami simu, nikaweka spika karibu. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Mwanangu, huyu ana mashavu mangapi?" Nikamwambia mawili, mengine ni ya umeme. Akataka nirudie mwanzo.

Spika za simu zitakunyima nusu ya muziki huu, kwa sababu besi la Guy linashuka chini sana. Tafuta vipokea sauti vya masikioni vilivyo vizuri. Na kama hujawahi kumsikia Parker, anza na Monoceros, umjue kwanza akiwa peke yake, ndipo uje huku.