TAHADHARI: Jamaa anayeuza makombe ya silva ya wakulima wa Ufaransa

Ndugu zangu mlioko Ufaransa na Ubelgiji, hasa nyie mnaonunua vitu vya kale mitandaoni na kwenye magulio ya Jumapili, kuna jamaa anauza makombe ya silva, yale waliyokuwa wanapewa wakulima washindi kwenye maonyesho ya kilimo enzi za Napoleon III, yule mfalme wa Ufaransa wa 1852 hadi 1870, yamenakshiwa masuke ya ngano, zabibu, kichwa cha fahali, yani ni mazuri hasa. Msimpe hela.

Kaka yangu mmoja hapa Lyon kalipa euro 1,400 akiambiwa ni silva tupu. Nimelishika mwenyewe hilo kombe. Chini ya kitako kuna muhuri wa kichwa cha Minerva, yule mungu wa kike wa Warumi wa kale, ndio muhuri wa serikali yao kwa silva, na muhuri wenyewe ni wa kweli kabisa, hapo ndipo watu wanaponasa. Ila pumulia pale mpaka chuma kiingie ukungu, utaona mstari unauzunguka muhuri: kipande kimekatwa kwenye kijiko au sahani ya zamani kikachomelewa pale. Kombe lenyewe shaba, limechovywa silva juu tu, na kitako kimejazwa plasta ili liwe zito mkononi.

Halafu limechongwa "Comice agricole 1834", yaani maonyesho ya kilimo ya 1834, wakati Minerva imeanza kugongwa 1838! Herufi zenyewe bado kali, ukipitisha kucha inakwama, na nakshi za pembeni zimeshalika kwa kusuguliwa miaka nenda rudi. Maandishi ni ya juzi. Hili linaniuma kuliko hata hela, maana makombe ya kweli mara nyingi huwa yana jina la mkulima na mwaka alioshinda, ni jasho la mtu lile, leo mtu anakaa anabuni ushindi ili aibe.

Anapenda kuwaonyesha kwamba sumaku haishiki. Jamani, sumaku haishiki shaba pia, hicho si kipimo! Tafuteni muhuri wa fundi, kwenye silva ya Kifaransa unakaa ndani ya umbo kama uru ya karata, kwenye vitu vya kuchovya vya zamani ni mraba. Na pembeni ya Minerva kuna namba, 1 ni silva 950 kwa 1,000, 2 ni 800. Vya kuchovya si vibaya, Christofle, kampuni ya Kifaransa, wametengeneza vingi na vizuri mno, lakini unauza kwa jina lake na bei yake.

Kaka alipomwambia twende kwa sonara kikapimwe, jamaa akamblock, akaunti ikabadilishwa jina. Malalamiko tumeshapeleka polisi. Sasa hivi anatembeza sinia lenye kondoo dume katikati na jembe la kukokotwa na ng'ombe, picha zimepigwa kwa mbali zote, upande wa chini hauonyeshi. Akikutumia hizo picha mwombe ya mihuri kwa karibu, na usitume hata senti ya kushikia mzigo.