Fainali ya BAL Ndani ya Mkahawa wa Mji wa Kale

Msimu wa 2024 wa Ligi ya Kikapu Afrika (BAL) nilianza kuufuatilia kwenye simu, kuanzia mechi za makundi za Pretoria, Cairo na Dakar. Fainali ya Kigali, tarehe 1 Juni, niliitazama katika mkahawa mmoja wa Mji wa Kale hapa Mombasa, ambao nausifu kwa moyo mweupe. Runinga imetundikwa juu kiasi kwamba hata aliyeketi barazani huona, na mwenye mkahawa alikubali kuweka kikapu ingawa wateja kadhaa walitaka soka. Viazi karai vililetwa vikiwa moto, ukwaju wake mzito, na kahawa chungu haikukatika. Kasoro ni intaneti, iliyokwama robo ya tatu tukakosa vikapu kadhaa. Malipo yetu yalistahili laini iliyo imara zaidi. Hata hivyo, Petro de Luanda ya Angola, walioshindwa fainali ya 2022 na Monastir ya Tunisia, walipoilaza Al Ahly ya Benghazi, Libya, 107–94 na kuwa mabingwa wa kwanza kutoka kusini mwa Sahara, baraza zima lilisimama.