Pikipiki za spoti za cc ndogo: ipi inunuliwe Arusha?

Kabla hujamwambia muuzaji unataka "ile ya kulalia", ikalie dakika kumi hapo hapo dukani, mikono usukanini, miguu kwenye vikanyagio. Viganja vikianza kufa ganzi, vuta picha ya foleni ya Sanawari saa kumi na moja jioni. Orodha hii ni ya mtu anayeenda kazini na kurudi, anayempakia mke au mtoto, na ambaye mara moja moja anashuka Moshi, kilometa kama 80. Wa kupigia picha Njiro apange yake.

1. TVS Apache RTR 160

Najua, haina kava, yale maplastiki ya kufunika mbavu, na vijana watakuambia hiyo siyo spoti. Waache. Injini yake ya cc 159.7 inapozwa na hewa, kwa hiyo hakuna rejeta ya kutobolewa na kokoto. Tumbo liko milimita 180 kutoka chini, na matuta yetu unayajua. Fundi aliyezoea TVS za bodaboda haiogopi. Ubaya wake ni mtetemo: ukiivuta sana, vioo vya pembeni havionyeshi kitu.

2. Bajaj Pulsar NS200

Hapa cc 199.5 zina maana. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Ile ya cc 150 inayoruka Dar es Salaam, huku ikibeba watu wawili mlimani inahema. NS200 ina gia sita na nguvu za farasi zaidi ya 23 kwenye karatasi. Hata ukikata za mwinuko, inabaki na za kutosha. Aliye Moshi mjini hilo halimsumbui sana, mpaka siku apande Marangu.

Ina rejeta, basi masika ikiisha osha matope yaliyoganda kwenye mapezi yake. Na ina plagi tatu. Ya shemeji yangu ilipita kwa mafundi wawili, na wote walibadilisha moja tu.

3. Yamaha YZF-R15

Moyo wangu uko hapa, ndiyo maana nimeishusha. Ni pikipiki iliyoundwa kwa akili: cc 155, inapozwa kwa maji, na ina mfumo wa VVA unaobadilisha ufunguaji wa valvu injini ikifika mizunguko 7,400 kwa dakika. Sasa jiulize utafika huko lini. Kwenye gia ya sita unakuwa umeipita spidi ya 80 kwa mbali, na kutoka Usa River hadi Boma Ng'ombe ni kibao cha 50 baada ya kibao cha 50, na tochi ya trafiki ya kupima spidi chini ya mti. Siti iko milimita 815 kutoka chini, mfupi anasimama kwa ncha za vidole. Abiria naye anakaa kama ndege kwenye waya.

Halafu kava. Yangu ilianguka kwenye tope Kwa Mrombo, tena nikiwa karibu nimesimama. Muuzaji wa spea aliniahidi wiki mbili. Nilizunguka miezi mitatu na kava iliyoshonwa kwa waya.

Nyingine

Suzuki GSX-R150 ina siti ya milimita 785, inamfaa zaidi mfupi, na injini yake ni kali. Honda CBR150R ni tulivu kuliko sura yake. Zote mbili, hakikisha spea ziko mjini kabla hujalipa. Kawasaki Ninja 250 ina silinda mbili na sauti tamu. Inunue ikiwa tayari una pikipiki nyingine ya kazini.

Ukinunua iliyotumika

Zote hizi zimevuka cc 125, kwa hiyo leseni ya daraja A1 haitoshi, unahitaji A. Linganisha namba ya chasisi na kadi, herufi kwa herufi. Tazama ncha za usukani na za vikanyagio: zikiwa zimelika upande mmoja, ilishalala. Iwashe ikiwa baridi. Ukikuta injini tayari ina moto, rudi kesho asubuhi bila kupiga simu.